GARI LA CHAMA LINAPOCHEMSHA: KUTAFUTA CHANZO KABLA YA KUNUNUA KIPURI

Hakuna siku ambayo wanachama huitambua thamani ya gari la chama kama siku gari hilo linaposimama njiani. Kahawa iliyokaushwa vizuri imekwisha kupimwa, stakabadhi zimekwisha kuandikwa, na mawingu yanajikusanya juu ya milima ya Tarime. Katikati ya mwinuko mvuke unatoka chini ya boneti, sindano ya geji imefika kwenye rangi nyekundu, na utingo ametumwa kutafuta maji mtoni. Mvua ikinyesha kabla turubai halijafungwa sawasawa, kahawa iliyokaushwa hadi unyevu upatao asilimia 12 huanza kunyonya maji, na ubora wake hushuka. Hasara hiyo haiandikwi katika hesabu ya matengenezo ya gari, lakini mkulima huiona katika malipo yake.

Baada ya tukio kama hilo, katika kikao cha kamati husikika maneno yale yale. Mmoja husema dereva ni mzembe. Mwingine husema rejeta imekufa na inunuliwe mpya. Wa tatu husema injini imechoka, na chama kianze kukusanya fedha za injini nyingine. Huenda mmoja wao akawa na haki. Lakini kutoa fedha za wanachama kabla chanzo hakijajulikana ni sawa na kucheza kamari kwa mali isiyo yako.

Jambo la kwanza ambalo kila katibu na mwanachama anapaswa kulishika ni hili: kuchemsha kwa gari ni dalili, wala si ugonjwa wenyewe. Mtoto akipata homa, mganga mwenye busara huuliza homa ilianza lini, hupanda saa ngapi, na mtoto anatapika au hatapiki, ndipo aandike dawa. Injini nayo huulizwa hivyo hivyo.

JOTO LINATOKA WAPI, NA LINAKWENDA WAPI

Mafuta yanapoungua ndani ya silinda, ni kama theluthi moja tu ya nguvu yake ambayo huliendesha gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi katika ekzosi. Theluthi inayobaki ni joto ambalo lazima liondolewe na maji yanayozunguka ndani ya injini. Joto hilo lisipoondolewa, oili hupoteza utelezi wake, pistoni hutanuka hata zikakwama, na silinda hedi hupinda.

Njia ya maji hayo ni fupi na yafaa ijulikane kwa kichwa. Pampu huyasukuma maji kuzunguka silinda, nayo huchukua joto. Yakifika juu hukutana na themostati, ambayo ni mlango mdogo unaofunguliwa na joto lenyewe. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa ili injini ipate moto upesi. Joto likifikia nyuzi 82 hivi, au 88 kwa injini nyingine, mlango huanza kufunguka, na maji hupita katika mpira wa juu kwenda kwenye rejeta. Humo hugawanyika katika vijibomba vyembamba, upepo wa feni na wa mwendo wa gari hupita kati ya mapezi ya rejeta, nayo maji hupoa na kurudi kwenye pampu kwa mpira wa chini.

Basi mambo yanayohitajika ni manne: maji ya kutosha, mzunguko wa maji, upepo wa kuyapoza, na kanieneo, yaani mgandamizo unaoyazuia maji yasichemke mapema. Gari linapochemsha, moja au zaidi kati ya hayo manne limepungua, au injini inazalisha joto kupita kiasi chake.

KWA NINI MILIMANI KUNA HATARI ZAIDI

Wengi hudhani kwamba ubaridi wa Tarime ni kinga. Upande mmoja ni kweli, kwa kuwa hewa baridi huisaidia rejeta. Lakini upo upande wa pili. Kando ya bahari, kama vile Tanga au Dar es Salaam, maji hutokota yafikapo nyuzi joto 100 za Sentigredi. Kila mahali panapoinuka kwa mita 300 hivi, kiwango hicho hupungua kwa karibu nyuzi 1. Tarime iko kadiri ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi hutokota hapo kwa nyuzi 95 hivi. Mama apikaye maharage huijua habari hii kwa kuni anazozimaliza, hata kama hajapata kuisoma darasani.

Ikiwa themostati huanza kufunguka kwa nyuzi 82 au 88, na maji hutokota kwa nyuzi 95, nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Kinacholiokoa gari ni kifuniko cha rejeta. Kifuniko hicho kina springi na mpira unaoyabana maji yasitoke mpaka mgandamizo ufikie kipimo chake. Kifuniko kizima kilichoandikwa 0.9, kama vilivyo vingi vya magari ya Kijapani, huyawezesha maji yale yale ya Tarime kufikia nyuzi 115 hivi kabla ya kutokota. Mpira wake ukichanika, nafasi ya nyuzi 20 hupotea yote, ingawa rejeta ni nzima, pampu ni nzima, na dereva hana kosa.

Tena barabara zenyewe zina kazi. Safari ya kutoka Mugumu hadi Tarime kupitia Nyamongo huvuka bonde la Mto Mara, kisha huipandisha gari kwenye nyanda za juu. Hapo lori lenye mzigo huenda polepole kwa nguvu nyingi: joto linalozalishwa ni jingi, na upepo wa mwendo ni mdogo. Ubovu mdogo ambao hauonekani kwenye tambarare hujifichua mlimani.

SWALI KUU: LINACHEMSHA LINI?

Fundi akiletewa gari na kuambiwa tu kwamba "linachemsha", amepewa nusu ya habari. Wakati wa kuchemsha ndio unaoonyesha upande wa kutazama.

(a) Linachemsha likiwa limesimama au likienda polepole, lakini likikimbia hupoa. Kilichopungua ni upepo. Utazamwe mkanda wa feni kama umelegea, na klachi ya feni kama inateleza. Kwa gari dogo lenye feni ya umeme, itazamwe fyuzi, nyaya, na swichi inayoiamuru feni kuzunguka.

(b) Linapoa likisimama, lakini huchemsha likipanda mlima au likikimbia na mzigo. Upepo wa feni upo. Kilichopungua ni uwezo wa kuondoa joto jingi. Itazamwe rejeta kama imeziba ndani kwa kutu na chokaa, au nje kwa vumbi, mbegu za majani na nyuzi za pamba. Katika vijiji vya Serengeti vinavyolima pamba, nyuzi zake huruka wakati wa kupakia na kunasa katika mapezi ya rejeta kama blanketi. Vilevile kitazamwe kifuniko, mpira wa chini kama unanyonywa na kujibana, na breki kama zinashika wakati hazijakanyagwa.

(c) Linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi. Maji hayazunguki. Huenda themostati imekwama ikiwa imefungwa, pampu imekatika pangaboi yake, au hewa imenaswa ndani baada ya maji kubadilishwa.

(d) Maji hupungua kila safari na chini ya gari hapana hata tone. Maji hayo ama yanatoka kama mvuke kwa kifuniko kibovu, ama yanaingia ndani ya silinda kwa gasketi iliyoungua. Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na dalili zake zimeelezwa hapa chini.

UKAGUZI: KUANZIA KIDOGO KWENDA KIKUBWA

Ukaguzi hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana alfajiri. Utaratibu wake ni kuanza na kisicho na gharama na kumalizia na kilicho ghali.

Kwanza, maji. Kifuniko kifunguliwe na kiwango kitazamwe. Maji ya rangi ya udongo mwekundu yanaonyesha kutu. Mafuta yanayoelea juu yanaonyesha kwamba oili na maji vimekutana.

Pili, kifuniko. Mpira wake utazamwe kama umepasuka au kukauka, na springi ibonyezwe kwa kidole. Alama ya kutu au chumvi iliyokauka chini ya kijibomba cha kumwagia maji ni ushahidi kwamba maji yamekuwa yakitoka hapo.

Tatu, mikanda na mipira. Mkanda wa feni ukibonyezwa kwa dole gumba katikati ya puli mbili, kwa magari mengi haupasi kubonyea zaidi ya sentimita moja hivi. Mpira wa rejeta uliovimba, uliolainika kama ugali au wenye nyufa ubadilishwe kabla haujapasuka safarini.

Nne, rejeta kwa nje. Mapezi yasafishwe kwa maji ya nguvu ndogo yanayotoka upande wa injini kwenda nje, ili uchafu urudi ulikoingilia. Maji ya nguvu nyingi hulaza mapezi na kuziba njia ya upepo. Kwa rejeta yenyewe kuziba ndani, injini ikishapata moto izimwe, funguo itolewe, na rejeta ipitishwe mkono kwa uangalifu. Sehemu yenye ubaridi katikati ya joto ina vijibomba vilivyoziba.

Tano, pampu ya maji. Feni au puli itikiswe kwa mkono. Ikicheza, beringi imekwisha. Chini ya pampu pana kijitundu. Maji yakidondoka hapo, sili imekufa.

Sita, themostati. Itolewe na kuning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko, bila kugusa chini. Maji yanapokaribia kutokota ni lazima ianze kufunguka. Kwa kuwa Tarime maji hutokota kwa nyuzi 95 hivi, themostati nzima yaweza isifunguke mpaka mwisho. Isihukumiwe kwa hilo. Isiyofunguka hata kidogo itupwe.

Saba, gasketi ya silinda hedi. Injini baridi iwashwe, kifuniko kikiwa wazi. Mapovu yakitoka mfululizo, gesi ya silinda inapita ndani ya maji. Dalili nyingine ni oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia, moshi mweupe wa mvuke usiokoma hata injini ikipata moto, na mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe muda mfupi baada ya kuwasha. Gari lenye dalili hizi lisitumwe safari yoyote. Kila kilomita inayoongezwa hugeuza kazi ya gasketi kuwa kazi ya silinda hedi, na kazi ya silinda hedi kuwa kazi ya injini nzima.

Mambo haya yote yakiwa mazima, ndipo fundi atazame upande wa joto linalozalishwa: oili iliyopungua, moto wa petroli uliochelewa, pampu ya dizeli isiyo sawa, au mzigo uliozidi uwezo wa gari.

MAMBO YA KUFANYA NJIANI

Sindano ikianza kupanda mlimani, dereva ateremshe gia mapema, asiisukume injini kwa gia kubwa inayoielemea. Kwa gia ndogo injini huzunguka haraka, na pampu na feni inayoendeshwa na mkanda huzunguka haraka pamoja nayo. Gari lenye heta ya ndani liiwashe, maana heta hupunguza joto la injini. Sindano isiposhuka, au mvuke ukionekana, gari lisimamishwe mahali salama, magurudumu yawekewe mawe, na injini izimwe.

Kifuniko kisifunguliwe. Maji yaliyobanwa kwa nyuzi 110 hugeuka mvuke mara moja kifuniko kinapotoka, nao humbabua mtu uso na mikono. Isubiriwe si chini ya nusu saa, mpaka mpira wa juu ushikike kwa mkono bila kuunguza. Kisha kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kinene, kizungushwe kidogo kidogo, na mtu asimame kando. Maji yaongezwe polepole injini ikiwa imewashwa na kuunguruma taratibu. Maji ya baridi yakimwagwa kwa wingi katika injini yenye moto, silinda hedi au bloku huweza kupasuka.

Madereva waonywe pia juu ya udanganyifu wa geji. Maji yakiisha kabisa, kipimo hubaki hewani, na sindano yaweza kuanguka ghafla ikaonyesha baridi wakati injini inaungua. Sindano inayoshuka bila sababu baada ya kupanda ni amri ya kusimama.

Kung'oa themostati na kuitupa ili "gari lipoe" kumezoeleka, nako ni kosa. Injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, hula mafuta mengi na kuchakaa upesi. Katika injini nyingine, maji hupita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, na gari huchemsha zaidi.

Maji ya mtoni yenye udongo ni ya kuokolea gari tu, si ya kudumu. Vyama vyenye ghala lililoezekwa kwa bati viweke pipa la kukingia maji ya mvua, yaachwe yatulie, kisha yachanganywe na dawa ya rejeta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Dawa hiyo huzuia kutu na huongeza nyuzi kadhaa za joto kabla ya maji kutokota.

DAFTARI LA KATIBU

Katibu hatakiwi kuwa fundi. Lakini yeye ndiye mwenye kalamu, na kalamu hutibu magari mengi. Kwa kila safari daftari la gari lionyeshe tarehe, kilomita, njia, uzito wa mzigo, lita za maji zilizoongezwa, na mahali sindano ilipopanda. Mstari mmoja watosha.

Ichukuliwe kwamba chama fulani kina lori la tani 7 linalochemsha. Fundi ameshauri rejeta mpya, na kamati imegawanyika. Katibu anafungua daftari na kusoma. Safari ya kwanza, lori tupu: maji hayakuongezwa. Safari ya pili, mzigo kamili kutoka bondeni kupanda Tarime: lita 2. Safari ya tatu, nusu ya mzigo kwa njia ile ile: nusu lita. Siku ya nne, lori lilinguruma ghalani kwa saa nzima wakati wa kupakia: halikuchemsha.

Mistari hiyo minne inasema mengi. Lori halichemshi likisimama. Kwa hiyo feni na mkanda si washtakiwa wa kwanza. Maji hupungua kwa kadiri ya mzigo na mlima. Chini ya gari ni pakavu. Oili ni safi, na hapana mapovu. Kwa hiyo gasketi haionyeshi dalili. Kinabaki kifuniko, na baada yake rejeta. Kifuniko kinatazamwa, na mpira wake umepasuka. Kinanunuliwa kipya chenye kipimo kile kile, na daftari linaendelea kuandikwa. Safari mbili za mzigo kamili zikipita bila maji kuongezwa, shauri limekwisha. Maji yakiendelea kupungua, kamati inaweza kugharimia usafishaji wa rejeta ikiwa na sababu iliyoandikwa, wala si kwa kubahatisha.

Daftari hilo lina faida nyingine. Humlinda dereva asisingiziwe, na humfichua aliyeendelea kuendesha huku sindano ikiwa kwenye nyekundu. Kamati ya usimamizi ikiuliza kwa nini fedha zilitoka, jibu lipo. Na chama kinapopanga makisio ya mwaka, mikanda, mipira, kifuniko na dawa ya rejeta huwekwa katika kifungu chao kabla ya msimu, badala ya kutafutiwa fedha siku ambayo magunia yako barabarani.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika gari la chama, ufa ni kile kijimpira cha kifuniko, na ukuta ni injini nzima. Vyote viwili hulipwa kutoka mfuko mmoja, nao ni mfuko wa mkulima.

MASWALI YA KUJADILIWA KATIKA MKUTANO

1. Kwa nini kifuniko kibovu cha rejeta huleta hatari kubwa zaidi Tarime kuliko pwani?

2. Gari huchemsha likiwa kwenye foleni ya kupakia, lakini likianza safari hupoa. Ni sehemu zipi zitazamwe kwanza?

3. Maji hupungua kila siku na chini ya gari ni pakavu. Ni ukaguzi gani mbili hufanywa, na ni upi uanze?

4. Daftari la gari la chama chenu lina safu ya maji yaliyoongezwa? Kama halina, nani atalirekebisha, na kufikia tarehe gani?

5. Katika makisio ya mwaka huu, je, kimetengwa kiasi cha kukagua gari kabla ya msimu wa mazao kuanza?